Buti la Kushoto la Shemeji

Kabla sijaeleza jinsi nilivyotolewa matopeni na watoto wa chekechea, kumi na mmoja kwa hesabu, Wanorwei watupu, lazima nianze na kitabu. Bila kile kitabu mimi leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake.

Kitabu kilikuwa kinazuia mlango wa stoo. Kwetu Mafinga upepo wa mwezi wa saba hauna adabu. Mlango usipozuiwa unajipigiza usiku kucha, na baba alikichagua kile kitabu kwa sababu ya uzito. Alikipata hivi. Kiwanda cha kupasua mbao pale Sao Hill kilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Norwei, na baba aliingia kazini pale akiwa kijana, kazi yake kunoa misumeno. Mtaalamu mmoja wa Kinorwei alipomaliza mkataba akagawa vyombo vyake: jiko akapewa mpishi, baiskeli ikaenda kwa mlinzi, redio kwa fundi mkuu. Baba siku hiyo alichelewa. Akapewa kitabu.

Kilikuwa Markens Grøde cha Knut Hamsun, tafsiri ya Kiingereza. Jalada lilitaja udongo, na baba akaamini amepewa kitabu cha bwana shamba. Akakisoma kwa heshima hiyo, penseli sikioni, akitafuta ukurasa wa mbolea. Alipofika ukurasa wa sitini hajaiona mbolea alianza kushuku, lakini wakati huo alikuwa ameshanogewa. Jioni akawa anatusomea jikoni kando ya moto, Kiingereza kikiingia machoni na Kiswahili kikitokea mdomoni.

Mtu mmoja, Isak, mwenye ndevu nyekundu kama kutu, anaingia porini peke yake na gunia mgongoni. Anatafuta mahali pa kukaa. Anakagua udongo, anakagua maji, analala, kesho anaendelea. Akishapapenda mahali anabandua magome ya miti, anayabeba kwa miguu kwenda kuyauza, anarudi na mbuzi. Mpaka hapo mzee yeyote wa Kihehe anaelewa kila kitu. Halafu anawaambia wapita njia kwamba anahitaji mwanamke wa kumsaidia kazi, na siku moja anatokea mwanamke, Inger, mdomo wa juu umepasuka tangu kuzaliwa, anajifanya anapita tu. Halafu haondoki.

Hapo bibi aliinua mkono kama mwamuzi wa mpira.

"Mahari?"

"Haijaandikwa, mama," baba akajibu.

"Umeruka ukurasa. Soma tena."

Baba akasoma tena. Mahari hakuna.

"Kwa hiyo kaja na miguu yake, kaingia, kakaa."

"Baadaye alirudi kwao, mama, akaja na ng'ombe."

Bibi akaweka kikombe chini. "Mwanamke ndiye kaleta ng'ombe?" Alicheka mpaka akapaliwa na ugoro, ikabidi mama amgonge mgongoni, na kwa wiki nzima kila mgeni aliyefika nyumbani alisimuliwa habari za nchi ya Isak, ambako ng'ombe hutembea kinyumenyume.

Nilikua na kitabu hicho. Nilikuwa nikiingia kwenye misindano, ile miti ya paini, nyuma ya nyumba zetu na kujifanya Isak, gunia la unga likiwa mgongoni, natafuta mahali pa kuanzisha nchi, mpaka mlinzi wa msitu anifukuze. Chuoni ndipo nikasoma upande wa pili wa bwana Hamsun. Kitabu kilitoka 1917, mwaka 1920 kikampatia Nobel, sawa. Lakini mwaka 1943 mzee huyohuyo akampa medali hiyo Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, kama zawadi, na Hitler alipokufa akaandika gazetini kumlilia. Baada ya vita mahakama ikamtoza faini kubwa, na wenzake hadi leo wanabishana wamweke wapi. Nilimpigia baba simu nikamweleza yote. Alikaa kimya muda mrefu. Likizo niliporudi nilikikuta kitabu palepale mlangoni.

"Baba, si nilikwambia huyu mtu habari zake?"

"Uliniambia. Kazi ya kuzuia mlango haihitaji tabia njema."

Sasa, dada yangu mkubwa ni muuguzi Oslo, na ameolewa na Mnorwei. Shemeji ni mtu mwema sana asiyezidisha maneno kumi na mawili kwa siku, na hayo ukitoa "asante" yanabaki saba. Alipokuja Mafinga kutoa mahari, bibi alikuwa bado hai. Wazee walipotaja idadi ya ng'ombe, bibi akaongeza wawili. Wakamuuliza wa nini. Akasema hao ni deni la yule wa kitabuni. Shemeji akatafsiriwa, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyekuwa akilitarajia deni hilo maisha yake yote, akalipa. Tangu siku ile kwetu hakuna anayeruhusiwa kumsema vibaya.

Ndiyo maana Septemba 2023, dada aliponitumia tiketi nikawatembelee, baba alikwenda mwenyewe stoo, akaweka jiwe mlangoni, akakipangusa kitabu na kofia yake na kunikabidhi. "Kipeleke kikapaone kwao," akasema.

Wiki ya kwanza Oslo nilipewa kazi ya kupanga kuni. Nilidhani kuni ni kuni. Nilipomaliza, shemeji akaja, akatazama, akasema "Mm," kisha akaanza kugeuza kipande kimoja kimoja ganda litazame juu. Dada akanivuta pembeni kunionya nisibishe. Kuna mwandishi, Lars Mytting, aliandika kitabu kizima mwaka 2011 juu ya kukata, kukausha na kupanga kuni, watu wakagombea kukinunua. Mwaka 2013 televisheni ya taifa ikarusha kipindi cha kuni cha saa kumi na mbili, saa nane kati ya hizo ni moto tu unawaka, na watazamaji wakatuma malalamiko: wengine wamekasirika ganda limetazama juu, wengine wamekasirika limetazama chini. "Ndoa zimeyumba hapa kwa sababu ya ganda," dada akasema. Nikashika adabu.

Lakini lililonitoa nyumbani asubuhi ile ya balaa ni jambo jingine. Msanii mmoja wa Uskoti, Katie Paterson, mwaka 2014 alipanda misprusi 1,000, miti jamaa ya misindano, katika msitu wa Nordmarka juu ya Oslo. Kila mwaka mwandishi mmoja anakabidhi andiko, hakuna anayelisoma, linafungiwa. Mwaka 2114 miti itakatwa, itengenezwe karatasi, na maandiko yote mia moja yachapwe juu yake. Wa kwanza alikuwa Margaret Atwood wa Kanada. Yumo Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe, yumo Karl Ove Knausgård wa kwao wenyewe. Maandiko yamehifadhiwa maktaba kuu ya Deichman, ndani ya chumba kidogo kilichojengwa kwa mbao za miti iliyokatwa kuipisha ile midogo.

Kwa mtoto wa mnoa misumeno aliyekulia kwenye kitabu, hiyo ilikuwa kama kuambiwa Makka na Yerusalemu zimehamia mtaa mmoja.

Chumba nilikitembelea Jumanne. Unavua viatu mlangoni. Hakuna aliyenidokeza kuhusu viatu, na soksi yangu ya kulia ilikuwa na dirisha ambalo kidole gumba kilikuwa kimeshahamia nje na familia yake. Nilisimama mbele ya kazi za watu wakubwa duniani mguu mmoja umeukanyaga mwingine, kama korongo. Kuta zinanukia utomvu. Nilipofunga macho nilimwona baba akirudi kutoka zamu ya usiku, ovaroli lake likinukia hivyohivyo. Jioni nikampigia.

"Miaka mia," akasema. "Kwa mti mmoja."

"Ndiyo, baba."

"Kwetu msindano wa miaka ishirini na mitano ni babu. Hao wanaosubiri miaka mia, nani anawalipa posho?"

Jumatano nikaamua kwenda kuiona miti yenyewe. Dada alikuwa anajiandaa kwenda zamu.

"Unashuka Frognerseteren, mwisho wa reli. Unafuata vibao. Njia za kutembea kwa miguu zina alama za rangi ya bluu kwenye miti. Usitoke kwenye njia, we mtoto."

"Dada, mimi nimezaliwa msituni."

"Umezaliwa hospitali ya wilaya, nilikuwepo."

Shemeji hakusema kitu. Alikwenda kwenye banda akarudi na mabuti yake ya mpira, saizi 46. Mimi navaa 42. Akanipa soksi za sufu jozi mbili za kujazia. Akanipa kipande cha sponji cha kukalia, kila Mnorwei anacho, bila hicho hawezi kukaa porini. Akanitia mfukoni chokoleti ya Kvikk Lunsj. Kisha akanitazama machoni na kutumia maneno manne ya siku hiyo: "Ardhi ikicheza, wewe simama." Nilifikiri dada amekosea kutafsiri.

Treni ya mjini inapanda mlima mpaka masikio yanaziba, halafu unashuka na jiji lote liko chini ya viatu vyako. Dakika kumi za kutembea, kimya. Na hapa lazima niseme kweli, kwa sababu mengine yote ni aibu: ule msitu ni mzuri mpaka unakera. Misindano ya kwetu imepandwa kwa kamba, ukisimama mahali pamoja unaona safu mpaka Makambako. Hawa wa kule wamesimama ovyo kama watu kwenye mnada, wazee kwa vijana, wengine wameanguka na hakuna aliyewaokota. Chini ni kijani kinene, laini, ukikikanyaga kinanyanyuka tena taratibu nyuma yako kama hujawahi kupita. Na matunda! Blåbær, meusi ya buluu, yanaota chini bila mwenyewe. Sheria yao ya 1957 inamruhusu mtu yeyote kutembea porini hata kama pori lina mwenyewe, na kuchuma matunda ya mwituni atakavyo. Niliuliza mara mbili kabla ya kuja. Mtoto wa Sao Hill haamini kirahisi kwamba ataingia msituni bila kibali na asisikie filimbi.

Kwa hiyo nikachuma. Kichaka hiki, kile, na kile kingine. Nilipoinua kichwa, mdomo wa zambarau, alama ya bluu sikuiona tena. Sikujali. Maana mbele yangu, ng'ambo ya kiwanja kizuri cha wazi chenye majani ya dhahabu na vishungi vyeupe kama pamba, nilikuwa nimeiona: miti michanga, mingine inanifika kifuani, mingine imenizidi kidogo, imejaa mlimani kwa utulivu. Misprusi ya 2014. Maktaba ya mwaka 2114 imesimama inanisubiri.

Nikakata moja kwa moja kupita kiwanjani. Ardhi ilicheza kidogo. Ilinibonyea kama godoro la gesti. Mtu wa Iringa, aliyekua akilima vinyungu bondeni na mama yake, anayejua vizuri maji yanakojificha chini ya majani ya kijani mwezi wa tisa, huyo mtu alipita pale akifikiri: nchi zilizoendelea, hata viwanja vyao ni laini.

Nikafika. Nikatandika sponji, nikaona kukaa ni kukosa heshima, nikasimama. Nikatoa kitabu cha baba. Sasa, nilikuwa nimeandaa maneno machache. Wakati wa kuandaa yalikuwa machache kweli. Lakini kukiwa hakuna mtu, na miti inasikiliza vizuri vile, maneno yakazaa.

"Kamwene," nikaanza, maana nilitaka wasalimiwe kwa lugha ya nyumbani kwanza. Nikajitambulisha mimi ni mtoto wa nani. Nikawapa salamu za misindano ya Mufindi, ambayo nayo ni wahamiaji, asili yake Mexico, kwa hiyo wasijione wapweke. Nikawaambia wao wataishi kuliko mimi, wakue wanyooke, wasiote mafundo, baba yangu anachukia mafundo. Nikasoma ukurasa wa kwanza wa Markens Grøde kwa sauti ya mchungaji wa siku ya mavuno. Nilipofika pale Isak anapoingia msituni, machozi yalinilenga. Sijui kama ni machozi au ni wale wadudu.

Wadudu. Kuna inzi kule, bapa, anaitwa hjortelusflue, kazi yake kunyonya damu ya wanyama wakubwa wa porini. Anakutua kichwani, anakata mabawa yake mwenyewe kwa sababu hana mpango wa kuondoka, anaanza kutambaa ndani ya nywele. Ni Inger kabisa: kaja, kaingia, kakaa. Nywele zangu zilikuwa hazijanyolewa tangu Mafinga. Walizipenda.

Nikiwa katikati ya kujikuna nikasikia kitu. Vijiti vinavunjika. Halafu pumzi, nzito. Halafu vijiti tena, vingi, kama mguu mkubwa au miguu mingi. Nikakumbuka elg. Elg ni wa ukoo wa kulungu, ila kimo chake kinamzidi farasi na pembe zake ni pana kama sinia za harusi. Dada alinionya asibughudhiwe. Mimi nilikuwa nimehutubia kwa sauti dakika ishirini.

Nikageuka. Nikakimbia. Kitabu mkononi, kiwanjani.

Kuna hatua nne nzuri. Ya tano ardhi ikafunguka kama mdomo na mguu wa kushoto ukazama mpaka pajani. Wa kulia ukafuata mpaka gotini, ukakwama hapo pembeni, kwa hiyo nilikuwa nimekaa nusu, nimesimama nusu, mkao ambao hauna jina. Maji ni baridi ya kukata. Harufu ni ya chai iliyosahaulika. Kila nikivuta, buti saizi 46 linavuta kwake, na chini kuna kitu kinasema "mplop" kwa sauti ya kuridhika. Kitabu nilikuwa nimekinyanyua juu ya kichwa bila kujijua, kama mtu anayevuka mto na mtoto.

Elg hakutokea. Kimya.

Nikakaa hivyo, sijui dakika ngapi. Nikaona njaa. Kwa mkono mmoja nikatoa Kvikk Lunsj, nikaifungua kwa meno. Ndani ya karatasi yake wamechapa kanuni za kwenda milimani, kila Mnorwei anazijua kwa moyo. Kinorwei changu ni cha kuokotea, ila dada alishanifundisha ile maarufu kuliko zote, ya nane: geuka mapema, kurudi nyuma si aibu. Nikaisoma nikiwa nimekwama wakati wa kurudi nyuma. Ningempata aliyeiandika ningemuuliza kwa upole hili langu linaingia kanuni ya ngapi.

Vijiti vikavunjika tena. Pumzi. Na kutoka nyuma ya misprusi akatokea elg mwenyewe, kimo cha sentimita mia moja na kumi, kavaa kizibao cha njano cha kung'aa kama trafiki, makamasi mpaka mdomoni, fimbo mkononi. Nyuma yake mwingine. Na mwingine. Kule watoto wa chekechea hupelekwa porini mvua isinyeshe, inyeshe, na hawa walikuwa wamesikiliza, nilikuja kuambiwa, tangu "Kamwene".

Walijipanga ukingoni. Wakanitazama. Mtu mweusi nusu ndani ya ardhi, mdomo wa zambarau, wadudu kichwani, kitabu juu, chokoleti menoni.

Yule wa kwanza akauliza swali lililo wazi kabisa: "Er du et troll?"

Hilo nalo nililielewa: eti mimi ni zimwi? Na simlaumu. Zimwi la kule lina utaratibu wake, linaishi msituni, ni kubwa, chafu, na mchoraji Theodor Kittelsen aliwachora mpaka na miti imewaota kichwani. Aliyezikusanya hadithi za mazimwi hayo na mwenzake Moe, Peter Christen Asbjørnsen, alikuwa bwana misitu kwa ajira, tena wa serikali. Nadhani baba angempenda. Nikafikiri nimjibu mtoto kwa kirefu. Nikasema, "Nei. Tanzania."

Wakajadiliana. Ilionekana jibu halijawaondolea shaka.

Mwalimu akafika, dada mmoja mtulivu, akaelewa yote kwa kutupa jicho mara moja kama mtu anayeokota watu wa aina yangu kila Jumatano. Akaburuta mti mkavu mwembamba akaulaza mbele yangu, akaniambia kwa Kiingereza nilalie tumbo na nisipige mateke. Kisha akatoa ile kamba yao yenye vitanzi vya rangi rangi, watoto huishika wakitembea barabarani. Kitanzi cha mwisho akanirushia. "Én, to, tre!" Mmewahi kuona kuvuta kamba kwenye Mei Mosi? Ni hivyo, ila upande mmoja wana miaka mitano na upande wa pili ni mimi. Walivuta kwa moyo. Mmoja alianguka, akaamka, akavuta. Nilitoka kama muhogo kutoka udongo wa mfinyanzi, kwanza polepole halafu ghafla, na wote kumi na mmoja wakakaa chini kwa makalio.

Mguu wa kulia ulitoka na buti. Wa kushoto ulitoka na soksi moja. Tope likajifunga, "mplop", likawa kiwanja tena.

Nikaomba tu kabla ya mengine yote: angalau nimeiona miti ya 2014? Mwalimu akatazama nilikoonyesha. Akauma mdomo. Hapana, akasema kwa huruma, hapo palikatwa mbao tu, wakapanda upya. Ile ya maktaba ni kule, karibu na njia, kuna kibao.

Nilikuwa nimehutubia mbao za mtu.

Walinipeleka. Mguu wa kushoto walinivika kofia ya ziada ya sufu ya mtoto, yenye masikio mawili ya dubu, na mfuko wa plastiki ndani. Kizibao cha kung'aa cha akiba kilinitosha bega moja. Nilishika kitanzi changu mwisho wa kamba, maana mwalimu alisema sheria ni sheria, na mtoto aliyeniita zimwi alipewa kazi ya kugeuka kila mara kuhakikisha nipo. Pale kwenye misprusi ya kweli sikuwa na neno lililobaki. Tulikaa juu ya visponji tukala mkate na jibini la kahawia, tamu kama kalamu za sukari. Mwalimu akaniambia hao wa miaka mitano, mwaka 2114 watakuwa na miaka tisini na sita, wengine huenda watakuwepo kufungua vitabu. Nikamtazama mlinzi wangu. Alikuwa anajaribu kuingiza jiwe puani.

Kwenye treni, mtu mzima, matope mpaka kifuani, dubu mguuni, kitabu kilicholowa mapajani. Hakuna aliyenitazama. Hakuna hata mmoja. Wanorwei ni watu waungwana sana au wanaona mambo haya kila siku.

Dada alinichana wadudu bafuni kwa saa nzima, akicheka mpaka anakaa kwenye ukingo wa bafu, akisema "nimezaliwa msituni" kwa sauti yangu. Shemeji alilichukua buti la kulia, akaliosha, akaligeuza likauke. Kitabu alikisimamisha wazi karibu na jiko la kuni, kurasa zikavimba kama mandazi. Kesho yake, bila kusema, akachukua nondo na koleo tukaenda. Alichokoa saa mbili. Hatimaye akasimama, akajifuta jasho, akatoa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia. Alisema tope la namna ile halina hewa, kitu kikizama humo hakiozi upesi. Raba itakaa. Huenda mpaka wakati wa kukata miti ile bado litakuwepo, mwaka 2114, zima, saizi 46.

Usiku nikampigia baba nikamweleza yote, tangu blåbær mpaka nondo. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilimsikia akipumua.

"Lililobaki kule ni mguu gani?"

"Wa kushoto, baba."

Akafikiri.

"Basi karudi ukalitupe na la kulia. Atakayekuja kulikuta moja litamfaa nini?"